Perege Katika Maji ya Tope

Mtu akiona maji ya bwawa lake yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, hukimbilia kuyamwaga yote na kujaza mengine. Asifanye hivyo. Atawataabisha samaki bure, na siku chache baadaye tope litarudi.

Kwanza chota maji katika chupa ya kioo, uiache mahali pasipotikiswa mpaka kesho yake. Ukikuta tope limekaa chini na maji ya juu ni maangavu, ujue kuna kinachoyatibua kila siku: ng'ombe wanaokunywa humo, maji ya mvua yanayoteremka kutoka shambani, au perege wenyewe, maana dume huchimba shimo chini ili jike atagie humo. Huyo tumwache na kazi yake. Lakini ng'ombe wanyweshwe pembeni, mfereji uchimbwe upande wa mlimani, na kingo zipandwe nyasi.

Maji ya chupani yakibaki na ukungu, basi ni udongo wa mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno hata hazizami. Tia majani makavu au samadi kidogo kidogo. Vikioza husaidia chembe kushikamana na kuzama. Ukitia nyingi kwa mara moja, alfajiri utawakuta samaki juu wakitwetea hewa.

Na maji ya kijani? Hayo usiyaguse. Ni vijimea, chakula cha perege, ambavyo havistawi pale tope linapozuia jua. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yafikapo kiwikoni, kijani hicho kinatosha.