Tusiiache Nagona njiani

Katika kikundi chetu cha mafrateri wanaosoma vitabu pamoja hapa Iyunga kumezuka hoja kwamba tuiache Nagona ya Euphrase Kezilahabi, tuchukue riwaya inayoeleweka. Mimi napinga.

Ni kweli, riwaya hii iliyotoka mwaka 1990 inakwenda kama ndoto. Matukio hayafuatani, na msimulizi anatafuta jambo ambalo msomaji halioni vizuri. Aliyezoea Rosa Mistika ya mwaka 1971 atadhani ni mwandishi mwingine. Wapo pia wanaohofia imani, kwa kuwa akina Marx na Nietzsche wanatajwa humo na maswali mazito hayajibiwi.

Lakini Kezilahabi alisoma Seminari ya Nyegezi, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na ugumu wa kufasiri fasihi. Hakuandika fumbo kwa kukosa la kusema.

Tukisoma pamoja, mmoja huiona ile safari kuwa sala, mwingine huiona kuwa kifo, na wote hulazimika kurudi kwenye ukurasa. Hayo ni malezi. Kesho tutaketi na mama aliyefiwa na mwanawe, anayeuliza kwa nini. Tukizoea vitabu vyenye majibu tu, tutamkatiza kabla hajamaliza kusema.

Napendekeza tusome sura moja kila wiki, kwa sauti, na kila mmoja aje na swali moja la kweli.