Mtoto Aliyejifunza Kunyamaza



Katika nyumba zetu nyingi, binti mkubwa hukabidhiwa wadogo zake kabla hajafika umri wa kubeba dhamana. Hujifunza mapema kwamba sifa huja kwa kufanya yote peke yake. Nduguye naye, aliyekemewa kila aliposema, hujifunza kwamba salama yake imo katika kunyamaza. Hizo zilikuwa kinga za mtoto, na wakati ule zilimfaa.

Taabu huanza kinga hizo zinapobaki baada ya haja kwisha. Binti yule, akiwa mama mzima, huingia katika kikundi cha akina mama akapika, akanunua na akapokea wageni bila ya kumgawia mwenziwe kazi, kisha hunung'unika kwamba hapana amsaidiaye. Wenziwe hudhani anawadharau, wakajitenga. Nduguye naye, akisha kuoa, huitikia kila analoambiwa. Mkewe hudhani ameridhika, hata siku linapomtoka neno la talaka ndipo ajuapo kwamba kulikuwa na machungu ya miaka.

Mtaalamu Mary Ainsworth, aliyechunguza akina mama 26 na watoto wao vijijini karibu na Kampala miaka ya 1954 na 1955, alieleza kwamba mtoto anayeitikiwa na mamake hutambaa mbali kwa utulivu, akijua ana pa kurejea. Kuwaamini watu, basi, huanza mapajani.

Mfano wetu bora ni Mtume (s.a.w.). Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia miaka 10 tangu utotoni, amesimulia kwamba hakukaripiwa naye hata mara moja. Siku moja alitumwa, akakawia kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mtume akamjia kwa nyuma, akamshika kisogo, naye anacheka. Mtoto apokewaye hivyo ana haja gani ya kuficha kosa lake?

Basi abebaye yote tumwombe atuachie kazi moja, nasi tuitimize kwa wakati, apate kutuamini. Anyamazaye tumuulize faraghani, na akikataa tusimnunie. Ama watoto wetu, tuwasikilize wangali wadogo, kwani udongo upatize uli maji.

Wabillahi tawfiq.