Talaka tatu kabla ya nikahi



Wiki iliyopita kijana wangu alirejea kutoka sokoni hapa Tabora akiwa na diski moja mkononi. Aliinunua kwa sababu ya jina lake tu: Nikaah. Kijana huyu ameposa huko Isevya, na Allah akipenda nikahi yake itafungwa mwezi wa Shawwal. Alidhani amenunua filamu ya harusi. Nilipolitazama jalada na kumwona Salma Agha, nilivuta kiti nikakaa. Ni zaidi ya miaka thelathini tangu niitazame filamu hiyo, na siku ile nilikuwa nimeketi ubavuni mwa shangazi yangu, Allah amrehemu.

Filamu hiyo ilitengenezwa India na mwongozaji B. R. Chopra, ikatolewa mwaka 1982, kutokana na hadithi ya Bi. Achala Nagar. Kwanza ilikusudiwa iitwe kwa neno la talaka likitajwa mara tatu, kisha jina likabadilishwa. Inamhusu Nilofar, binti msomi anayeolewa na Wasim, mfanyabiashara tajiri ambaye kazi zake hazimwachii nafasi ya kukaa na mkewe. Siku ya kutimiza mwaka mmoja wa ndoa yao wageni wanajaa nyumbani, mume haonekani. Mke anashindwa kuvumilia maswali ya watu, anajifungia chumbani. Wageni wanaondoka wakiona wamedharauliwa. Mume anapofika, ugomvi unawaka, naye anatamka talaka tatu kwa pumzi moja.

Baadaye Wasim anajuta na kutaka kumrudia. Anapouliza anaambiwa kwamba mwanamke huyo hawezi kuwa wake tena mpaka aolewe na mume mwingine na ndoa hiyo nayo ivunjike. Nilofar anakwishaanza maisha mapya, na anaolewa kwa heshima na Haider, mhariri wa gazeti aliyempa kazi. Lakini Wasim haachi kumfuata. Haider anaiona barua yake, anadhani mkewe bado anampenda mume wa kwanza, na kwa wema uliokosa busara anamleta Wasim nyumbani ili amwachie. Hapo Nilofar anawakataa wote wawili kwa namna wanavyomtenda: mmoja alimtupa, wa pili anataka kumgawa, na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Mwisho anabaki na Haider kwa hiari yake.

Vijana wetu wa leo huenda wasijue jinsi filamu kama hii ilivyokuwa ikiingia majumbani. Katika miaka ya themanini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Matangazo yalianza mwaka 1994. Mwenye runinga na deki alikuwa navyo kwa ajili ya kanda tu. Jirani yetu wa Gongoni alikuwa na kaka yake Maskati, na kila mgeni aliyetoka huko alikuja na kanda. Zikishuka Dar es Salaam zilipanda treni ya Reli ya Kati hadi kwetu. Njia ile ya misafara iliyowaleta wazee wao kutoka pwani hadi Unyanyembe kwa miguu, mwendo wa miezi, sasa ilituletea filamu kwa siku chache. Jioni tulijaa sebuleni mwa jirani, wanawake upande mmoja na watoto chini mkekani.

Shangazi hakujua Kiurdu hata neno moja. Binti wa jirani ndiye aliyetufasiria kidogo kidogo. Lakini lilipofika tukio la talaka, hakuna aliyehitaji mfasiri. Neno ni lile lile letu. Shangazi alilisikia mara ya kwanza, akainua uso. Alilisikia mara ya pili, akajifunika kwa kanga. La tatu lilipotamkwa alikuwa analia, na sisi wasichana tukacheka, tukidhani ni machozi ya filamu.

Usiku ule, tukirudi nyumbani, alinisimulia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtoto yeyote wa nyumba yetu. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki, akisafiri Kigoma na kurudi. Siku moja alirejea na wageni bila taarifa, akakuta nyumba haina moto wala maji, kwani shangazi alikuwa msibani kwa jirani. Aliona haya mbele ya wageni wake. Shangazi alipotokea mlangoni, aliachwa talaka tatu hapo hapo, kabla hajavua viatu.

Asubuhi mume alikuwa analia. Alikwenda kwa shehe, akaambiwa kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi zimepita zote tatu. Siku za eda zilipokwisha, rafiki yake mmoja akajitolea: yeye angemwoa shangazi kwa usiku mmoja, kisha amwache, ili ndoa ya kwanza ifungwe upya. Walikwisha kupanga hata siku. Shangazi alipoambiwa, alifunga vitu vyake, akarudi kwa kaka yake, yaani baba yangu, na watoto wake wawili. Aliwalea kwa kushona kofia na kuuza vitumbua. Hakuolewa tena.

“Mwanangu,” aliniambia, “yule bibi amesema maneno yangu. Mimi nilikosa tu pa kuyasemea.”

Ndugu msomaji, sikuandiki haya ili kuisifia filamu. Ina nyimbo na mavazi ambayo mzazi ana haki ya kuyakataa sebuleni kwake, na mtazamaji asiye na elimu anaweza kudhani kwamba Uislamu umemkabidhi mwanamume ulimi na kumwacha autumie apendavyo. Sivyo.

Katika Suratul Baqara, aya ya 229, Allah (s.w) ametufundisha kwamba talaka ya kurejea ni mara mbili, na baada ya kila moja ni ama kukaa kwa wema ama kuachana kwa hisani. Aya inayofuata ndiyo inayoeleza hukumu ya talaka ya tatu. Suratut Talaq, katika aya yake ya kwanza, inaamrisha eda ihesabiwe na mke asitolewe nyumbani mwake, kwani huenda baada ya hayo Allah akaleta jambo jingine. Suratun Nisaa, aya ya 35, inaagiza apatikane msuluhishi kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke. Hizi ni ngazi zilizowekwa ili ghadhabu ipoe njiani. Anayetamka tatu kwa mara moja anaziruka ngazi zote na kuanguka chini pamoja na watoto wake.

Imam An-Nasai amepokea kwamba Mtume (s.a.w) alipoambiwa habari ya mtu aliyemwacha mkewe talaka tatu kwa pamoja, alisimama kwa ghadhabu. Ni kweli kwamba wanazuoni wamehitilafiana katika hesabu yake: kauli inayotegemewa katika madhehebu manne ni kwamba zinapita tatu, na wengine, akiwemo Ibn Taymiyya, wakaona ni moja. Mwenye tatizo hilo aende kwa mwanachuoni, asijitolee fatwa mwenyewe. Ama ile ndoa ya usiku mmoja, jambo liko wazi: Mtume (s.a.w) amemlaani muhalili na yule anayehalalishiwa. Wale marafiki wawili wa Tabora walidhani wanatengeneza ndoa, kumbe walikuwa wanaingia katika laana, na mwanamke asiyesoma ndiye aliyewaepusha nayo.

Sheria ya nchi nayo ina ngazi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro ufikishwe katika baraza la usuluhishi kabla ya shauri la talaka kupelekwa mahakamani. Huko India kwenyewe, Mahakama ya Juu ilitengua talaka tatu za papo kwa papo mwezi Agosti 2017, na mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kumfunga anayezitamka. Waislamu wa huko walijadiliana sana kama jela ni dawa ya jambo hili. Mimi naona dawa yetu iko karibu zaidi, na ndiyo sababu ya makala hii.

Tulipomaliza kuitazama, kijana wangu alizima deki, akakaa kimya. Kisha akaniuliza: “Mama, haya nitafundishwa lini?”

Sikuwa na jibu. Kwa miezi minne tumejadili mahari, tumejadili sare za kina mama, tumejadili pilau ya watu wangapi. Hakuna hata siku moja ambayo mimi au baba yake tulimweka kitako tukamweleza talaka ni nini, hutolewa lini, na kwa nini haitolewi mbele ya wageni wala mtu akiwa na njaa. Tunamkabidhi kijana kisu kikali tukimfundisha namna ya kuvaa kanzu tu.

Basi nawaomba wazazi wenzangu jambo moja. Kabla ya tarehe ya harusi kupangwa, waketini bwana na bibi harusi, kila mmoja na watu wake, mbele ya mwenye elimu. Wafundishwe eda, kurejea, usuluhishi na haki za mke anayeachwa. Binti naye ajue mlango wake wa khului, asidhani kwamba amefungiwa ndani. Kufanya hivyo si kuitakia ndoa mkosi. Msafiri wa njia zetu hizi hubeba maji kabla hajaona kiu.

Sisi tumekwisha kuafikiana na shehe wetu: Alhamisi mbili, baada ya Isha, kijana na baba yake. Mama wa binti naye ameombwa amtafutie bintiye ustadhati.

Allah amrehemu shangazi, azitie utulivu nyumba zetu, na azizuie ndimi zetu wakati wa ghadhabu. Amin. Wallahu a‘lam.

Tukutane wiki ijayo, insha’Allah.