Kabla hujamkabidhi dereva funguo, mpeleke hospitali kwanza



Leo siongelei mtaji wala bei za Kariakoo. Naongelea mtu tunayempa mali zetu zote halafu hatumjui vizuri, yaani dereva.

Hebu jiulize, siku unamwajiri dereva wako ulimwuliza nini? Wengi wetu tunauliza vitu vitatu tu. Leseni iko wapi, mdhamini wako ni nani, na umewahi kuendesha gari ya nani. Akijibu vizuri tunampa funguo na hela ya mafuta, kazi imeanza. Mimi nilifanya hivyohivyo na nilikaribia kupoteza gari, mzigo na watu wawili kwa siku moja.

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Makambako. Nilipojipanga nikanunua Canter iliyotumika, nilimpata dereva mmoja mtu mzima, anazidi miaka arobaini, mpole, halewi, na barabara anaijua kama kiganja chake. Nilimwita mzee wangu. Leseni yake safi kabisa. Nikasema hapa nimepata.

Siku ya tukio walikuwa wanatoka Dar na mabati, rangi na misumari. Kutoka Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 600. Mteja alikuwa amelipa advansi na ananipigia kila baada ya nusu saa, na mimi nikawa nampigia dereva kila baada ya nusu saa. Nikamwambia, "Mzee wangu, leo msikae kwenye vyakula, nyoosheni." Akaniambia, "Sawa bosi." Ruaha Mbuyuni, pale ambapo kila mtu anasimama kula, wao wakapita.

Wakati wanapandisha Kitonga, kijana wangu utingo akaona gari inahama upande. Kumwangalia mzee, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, mikono inatetemeka, anaulizwa hiki anajibu kile. Kijana alidhani amepagawa. Bahati ni kwamba ulikuwa mlima wa kupanda, gari inatambaa. Akashika usukani, akavuta handbreki, akaweka mawe kwenye tairi. Wangekuwa wanashuka upande ule wa makorongo, leo nisingekuwa naandika hapa.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma alishuka, akamwangalia mara moja tu akasema, "Huyu ni sukari, nina ndugu yangu anayo." Mzee alikuwa bado anaweza kumeza, wakampa soda. Baada ya muda akarudi kwenye akili zake, akala, na gari ikamaliziwa na mtu mwingine.

Alipofika dukani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumfukuza. Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia una kisukari? Akanijibu taratibu, "Bosi, sehemu ya kwanza nilisema, nikaachishwa. Sehemu ya pili sikusema. Na wewe hukuniuliza."

Neno hilo la mwisho lilinikaa. Ni kweli, sikuuliza. Nilikagua tairi za gari, nikabadilisha oili na breki, gari nikaipeleka kwa fundi kabla haijaanza kazi. Mtu anayeiendesha sikumpeleka popote. Na juu ya hapo nilimzuia kula, wakati ameshameza dawa zake asubuhi. Daktari alituelewesha baadaye kwamba baadhi ya vidonge vya kisukari, na sindano za insulini, vinashusha sukari kupita kiasi mtu asipokula. Kwa hiyo mimi na simu zangu tulikuwa sehemu ya ile ajali iliyotaka kutokea.

Ndiyo maana leo nina msimamo: dereva mpya apimwe afya kabla hajagusa usukani, na anayelipa ni mwenye gari.

Wengine wanadhani hili ni jambo la makampuni makubwa yenye malori mia. Hapana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inaongelea upimaji wa mfanyakazi kabla ya kuanza kazi na tena akiwa kazini. Wanaosimamia ni OSHA, nenda kwenye ofisi zao wakuelekeze. Na usijifariji kwamba ana leseni. Leseni inakaa miaka, na mwili haungoji mpaka leseni iishe. Mtu anaweza kuwa mzima leo, mwakani macho yakawa mengine.

Haya ndiyo mambo ambayo nimejifunza kumwomba daktari ayaangalie.

1. Macho. Asome herufi za ukutani, kila jicho peke yake. Waangalie pia kama anaona pembeni, maana presha ya macho inakula uoni wa pembeni polepole na mwenyewe hajui. Mtoto wa jicho unafanya taa za gari linalokuja zimtapakae usoni usiku. Dereva akikwambia "mi usiku sipendi kuendesha", usimwone mvivu, mpeleke kwa daktari wa macho. Pengine anahitaji miwani tu.

2. Presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Usimpime mtu ametoka kushusha saruji ukamhukumu kwa kipimo kimoja. Apumzike, apimwe tena. Wengi wana presha na hawasikii chochote mpaka siku inapompiga.

3. Sukari. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, daktari atarudia kuhakikisha. Na kama tayari anatumia dawa, uliza swali ambalo mimi sikuuliza: ni dawa zipi, na zinataka ale saa ngapi?

4. Kifafa na kuzimia. Hapa hakuna cha kuoneana aibu. Mtu aliyewahi kupoteza fahamu lazima daktari ajue ni kwa nini kabla hajakaa kwenye usukani.

5. Usingizi. Hili tunalipuuza sana. Kuna mtu anakoroma usiku kucha, pumzi inakatika na kurudi, asubuhi anaamka kachoka kama hajalala. Mchana akishika usukani anasinzia, na yeye mwenyewe anashangaa. Huo ni ugonjwa na una tiba. Mwulize utingo wake, yeye ndiye analala naye kwenye gari, atakwambia ukweli.

6. Dawa anazomeza. Kuna dawa za mafua na aleji, kama Piriton, zinazoleta usingizi. Tunazinunua duka la dawa kama pipi. Na upande wa pili kuna wanaotafuna mirungi ili wasilale. Mirungi hapa Tanzania ni marufuku, na hata ukiacha sheria, usingizi unakopeshwa tu, baadaye unadai vyote kwa mpigo.

7. Masikio, mgongo na viungo. Asikie honi, ageuze shingo, akanyage breki kwa nguvu bila maumivu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mabosi wengi tunaharibu.

Vipimo visiwe mtego wa kumnyima mtu kazi. Dereva mwenye presha anayejijua, anameza dawa na anahudhuria kliniki, mimi namwamini kuliko yule anayesema "niko fiti" na hajapimwa tangu azaliwe. Mwache daktari aseme anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai kwa sasa. Wewe chukua hilo jibu na hayo masharti. Mengine ni siri yake na daktari, si habari za kupeleka kijiweni.

Na suala la VVU, msijaribu. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na kuwa na VVU si sababu ya kumnyima mtu kazi. Mtu akitaka kupima kwa hiari yake ni jambo jema, lakini si karatasi ya kuleta kwa bosi.

Najua mtaniambia, "Dada, hela ya kupima kila dereva natoa wapi?" Nawauliza na mimi, hela ya tairi mnatoa wapi? Piga hesabu ya mzigo mmoja ukimwagika korongoni. Bima ndogo ya watu wengine, ambayo wengi wetu tunakata ili trafiki asitusumbue, haikulipi gari yako wala mabati yako. Halafu bado kuna familia mbili zinakuja kukaa mbele ya duka lako zinakuangalia. Na kama umeajiri, kajiandikishe WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mchango unatoka kwako mwajiri, usimkate dereva.

Wengine mtasema, "Ukianza habari za hospitali, madereva wazuri watakimbia." Wanakimbia kwa sababu tumewazoesha kwamba kipimo maana yake ni kufukuzwa. Mwambie mapema: nalipia mimi, na majibu yakitoka tutapanga kazi kulingana na daktari. Atakayekataa hata hapo, mwache aende, si dereva wako.

Na wewe usiye na gari, unayekodi Fuso ya mtu kuleta mzigo, usijitoe. Kabla ya kupakia, mwulize dereva amelala saa ngapi na amekula nini. Maswali mawili, dakika moja. Mzigo ni wako.

Yule mzee wangu sikumfukuza. Alikaa pembeni kwanza, daktari akapanga upya dawa zake, akarudi kazini na masharti. Hasafiri peke yake, gari haiondoki hajala, na kwenye droo ya Canter kuna glukosi na biskuti wakati wote. Utingo amefundishwa dalili: jasho, kutetemeka, maneno ya kuchanganyikiwa. Akiziona, gari inasimama kwanza, na mzee anapewa kitu cha sukari kama bado anaweza kumeza. Akiwa amezimia hawekewi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali.

Na mimi nilijiwekea sharti langu. Gari ikishatoka Dar, mteja akinipigia namwambia mzigo uko njiani, basi. Dereva simpigii. Atanipigia yeye wakisimama Ruaha Mbuyuni, na swali langu la kwanza siku hizi ni moja tu: "Mzee wangu, umeshakula?"