Mjue Mbwa Wako kwa Vituko Vyake

Ndugu mkulima, wako watu katika skimu zetu wasemao kwamba mbwa wote ni sawa, kazi yao kubweka na kula. Mimi sikubali. Mbwa wangu Simba, licha ya jina lake, humkimbia kuku mwenye vifaranga. Kila asubuhi hulifuata debe la maziwa mpaka njia panda, wala hapiti hapo hata hatua moja. Kiatu changu cha kushoto hukificha chini ya ghala. Cha kulia hana haja nacho.

Usivicheke tu vituko hivyo, vikumbuke. Mbwa mpole akianza ghafula kuuma vijiti na mawe, au mkali akijificha gizani, sauti imebadilika na mate yanamtoka, huenda ni kichaa cha mbwa. Usimguse, mwite Afisa wa Mifugo. Ugonjwa huu ulitambuliwa Kenya tangu mwaka 1912, na mtu akishaonyesha dalili zake ni nadra sana kupona. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata likiwa dogo.

Na mbwa achanjwe kila mwaka. Simba amekwisha chanjwa. Alilia kabla sindano haijamgusa.