Kilomita 700, milisekunde 7

SAFU YA MAONI
Na Ekiru Lokaale

Katika mazungumzo kati ya mteja wa intaneti aliyeko Lodwar au Kakuma na mhudumu wa kampuni anayepokea simu yake, neno moja hujitokeza mapema na aghalabu huyafunga mazungumzo kabla tatizo halijachunguzwa, nalo ni neno "mbali". Turkana iko mbali, mafundi wako mbali, nyaya zinatoka mbali, na kwa hiyo mteja huelezwa kwamba asitarajie kasi ya Nairobi. Kauli hiyo ina ukweli wake inapohusu gharama ya kufikisha waya au siku anazochukua fundi kuwasili. Lakini inapotumiwa kueleza kwa nini video iliyotiririka vizuri alfajiri inakwama saa tatu usiku, inageuka kuwa udhuru mtupu, maana Lodwar haisogei kati ya alfajiri na usiku.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ndani ya faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo unaobeba data kwa mipigo ya mwanga, nuru husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lodwar hadi Nairobi kwa barabara ya Kitale ni kama kilomita 700, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi ya kilomita 1,400 huchukua milisekunde 7, milisekunde ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata waya ukizunguka kuliko barabara, na hata mitambo ya njiani ikijichukulia muda wake, ukikizidisha kiasi hicho mara nne bado hakifiki milisekunde 30, muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mteja anayepima muda wa kwenda na kurudi hadi seva iliyoko Nairobi na kupata milisekunde 300 anachokiona hapo si umbali wa Turkana; ni foleni ya data inayosubiri zamu mahali fulani, au ni safari ya kupanda angani na kushuka.

Safari hiyo ya angani nayo ni ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa mno kwa mteja kuachiwa aibahatishe. Setilaiti za zamani za mawasiliano, zinazoonekana kusimama juu ya Ikweta, ziko kimo cha kilomita 35,786, hivi kwamba swali kupanda na kushuka, kisha jibu kupanda na kushuka, hula karibu nusu sekunde, na hakuna fundi wala malipo ya ziada yanayoweza kuupunguza muda huo. Setilaiti za Starlink, ambazo huduma yake ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, ndiyo maana mazungumzo ya video hupita humo bila watu kukatizana maneno. Anayenunua "intaneti ya setilaiti" bila kuuliza ni ya kimo gani ni sawa na anayenunua punda kwa kutazama kivuli chake.

Kwa upande wa ardhini, hali imebadilika kuliko wengi wanavyokiri. Uti wa mgongo wa faiba wa taifa, unaojulikana kwa kifupi cha NOFBI, ulikusudiwa kufika makao makuu ya kaunti zote 47, Lodwar ikiwemo, na mradi wa ukanda wa Eldoret hadi Nadapal, mpakani na Sudan Kusini, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliunganisha ujenzi wa barabara na ulazaji wa faiba kandokando yake. Hata hivyo uti wa mgongo kupita karibu na mji si sawa na waya kuingia nyumbani. Kipande cha mwisho, kutoka mtambo wa kampuni hadi mlangoni kwa mteja, mara nyingi hupitia hewani kwa mawimbi ya redio ya mnara, na mnara huo nao waweza kuwa unapokezana data na mnara mwingine kwa redio badala ya faiba. Uwezo wa kiungo hicho hugawanywa kwa wote wanaokitumia wakati mmoja, na hapo ndipo siri ya saa tatu usiku ilipo, kwa kuwa ndiyo saa ambayo mji mzima umerudi nyumbani na kushika simu.

Kabla ya kuinyooshea kampuni kidole, hata hivyo, haki inadai nyumba ichunguzwe kwanza, kwa sababu sehemu isiyo ndogo ya malalamiko huzaliwa ndani ya kuta nne. Rauta, yaani kifaa kinachopokea intaneti na kuisambaza kwa vifaa vya nyumbani, hutuma waifai kwa mawimbi ya redio, na mabati huyarudisha mawimbi hayo kama kioo kinavyorudisha mwanga. Chumba kilichotengwa kwa mabati, kama vilivyo vingi Kakuma, kinaweza kukosa mtandao ilhali rauta iko hatua kumi tu. Rauta nyingi zina masafa mawili, la gigahezi 2.4 linalofika mbali lakini hugombaniwa na vifaa vya majirani, na la gigahezi 5 lenye kasi zaidi lakini hudhoofika upesi likikutana na ukuta, na mteja asiyejua lipi analotumia hulaumu kampuni kwa kosa la ukuta. Tena upande wa kupakia, ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa kupakua, ukijazwa na simu moja inayohifadhi picha zake kimyakimya kwenye seva za ng'ambo, hata kupakua hukwama, kwa kuwa kila ombi la kupakua lazima kwanza litoke kwa mlango uleule uliosongamana.

Joto ni mada inayostahili kupewa uzito zaidi kuliko inavyopewa. Vifaa vingi vya nyumbani hutengenezwa kwa ajili ya mazingira yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, nayo Lodwar hupita nyuzi 35 mchana kama jambo la kawaida, kwa hiyo rauta iliyowekwa juu ya kabati chini ya paa la bati huishi kwenye tanuri, nayo ikichemka hupunguza kazi au hujizima na kujiwasha. Wasanifu wa kampasi ya Startup Lions huko Loropio, kando ya Ziwa Turkana, iliyobuniwa na ofisi ya Francis Kéré na kukamilika 2021 kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi za kompyuta, waliichukulia hoja hii kwa dhati hata wakaipa kampasi minara ya kutolea hewa moto iliyoiga vichuguu vya mchwa vya eneo hilo. Mwenye nyumba hahitaji kichuguu. Akiishusha rauta chini, mbali na jua na vumbi, na kuiachia nafasi ya kupumua, amefanya lililo muhimu.

Baada ya hapo ndipo kipimo huwa na maana. Kompyuta huunganishwa na rauta kwa waya, vifaa vingine vyote huondolewa, na mambo matatu huandikwa, yaani kasi ya kupakua, kasi ya kupakia na muda wa kwenda na kurudi, alfajiri, adhuhuri na usiku, kwa siku saba mfululizo. Kipimo cha waya kikiwa kizuri na cha waifai, kinachochukuliwa kwa kulinganisha, kibaya, ugonjwa uko nyumbani. Vyote viwili vikiwa vizuri alfajiri na vibaya usiku, kiungo cha kampuni kimejaa watu, na kuzima na kuwasha rauta, dawa ambayo mhudumu wa simu huitoa kwa kila mgonjwa, hakutasaidia. Vikiwa vibaya saa zote, kuna hitilafu ya kiufundi, au mteja amemaliza kiwango cha data ambacho baada yake mkataba unaruhusu kasi kupunguzwa. Tahadhari moja inafaa hapa: programu za kupima kasi hupenda kuchagua seva iliyo karibu, pengine ndani ya mtandao wa kampuni yenyewe, kwa hiyo kipimo cha pili hadi seva ya nje ya nchi hakina budi kufanywa. Mnamo 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, huduma zenye seva ng'ambo zilizorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo, Lodwar na Nairobi huwa na msiba mmoja.

Vipimo hivyo visomwe pamoja na mkataba, ambamo maneno mawili yanahitaji jicho kali. La kwanza ni "megabiti", kipimo ambacho kampuni huuzia kasi, tofauti na "megabaiti", ambayo hutumika kupimia ukubwa wa faili. Baiti moja ni biti nane, hivyo kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde hupakua megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, na mteja anayeona tarakimu hiyo ya pili hajaibiwa. La pili ni "hadi". Kampuni inayouza kasi ya "hadi megabiti 10" imetaja dari ya nyumba bila kutaja sakafu, na kwa maoni ya safu hii, huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote katika biashara ya intaneti nchini, kwa sababu mteja hulipa kiasi kilekile kila mwezi ilhali anachouziwa hakina kiwango cha chini.

Sheria haimwachi mteja mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika nazo, na haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na zipo kanuni za 2010 za kuwalinda watumiaji wa mawasiliano. Utaratibu wa kawaida ni kulalamika kwanza kwa kampuni, kwa maandishi, na kudai nambari ya kumbukumbu, kisha kwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo kampeni yake ya Chukua Hatua ililenga hasa kuwaambia wateja kwamba mlango huo upo. Barua inayosema "mtandao uko chini kila siku" hujibiwa kwa pole. Jedwali la vipimo 21 lenye tarehe na saa huhitaji kujibiwa kwa vipimo vingine.

Kakuma ina ugumu wake. Kambi iliyofunguliwa 1992, ambayo pamoja na makazi ya Kalobeyei ina wakazi zaidi ya 250,000, ni jiji kwa wingi wa watu ingawa si kwa wingi wa minara, na wapo wakimbizi wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu ya vikwazo vya hati, hivi kwamba mwenye shida si mteja machoni pa kampuni. Setilaiti nazo hazifuti tatizo la msongamano: mwishoni mwa 2024 Starlink yenyewe ilisitisha kusajili wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa, na kifaa chake cha kawaida hutumia umeme wa wati 75 hadi 100, sawa na taa nyingi za nyumba inayotegemea jua. Ndiyo maana wengi hununua waifai kwa saa au kwa siku kutoka kwa mwenye kibanda aliyegawa laini moja kwa makumi ya watu.

Mwenye kibanda huyo anastahili kutazamwa upya. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina mfumo wa kutoa leseni kwa mitandao ya jamii, yaani mitandao midogo inayomilikiwa na kuendeshwa na wakazi wenyewe, na anayeingia katika mfumo huo hupata jina la kisheria la kudaia kasi kutoka kwa kampuni kubwa. Hupata pia wateja wake mwenyewe, ambao saa tatu usiku, video itakapokwama, watamgongea dirisha wakiwa na vipimo mkononi, naye, akiwa umbali wa nyumba mbili tu, hatakuwa na namna ya kuwaambia kwamba yuko mbali.