Saa 153 za Sindano

Vijana wenzetu, na ninyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee bei.

Blanketi letu la vipande vya pembe sita watu wanalipenda. Wanalishika, wanalipiga picha. Wakisikia bei, sura zinabadilika: "Lakini si ni vitambaa vya kutupwa?" Ndiyo, ni mabaki ya vitenge tunayopata kwa mafundi wa soko la Kimironko, yangefagiliwa jioni. Vitambaa tumevipata bure. Mikono yetu si ya bure.

Tuhesabu pamoja. Unakata karatasi ngumu ya pembe sita, kila upande sentimita 5. Unakunja kitambaa juu yake na kukishikiza kwa uzi wa muda. Halafu unaunganisha kipande na jirani yake, upande kwa upande, kwa mishono midogo. Ukimaliza unatoa uzi wa muda na karatasi. Blanketi la mita 1.5 kwa mita 2 linataka vipande karibu 460, na mshono wake ukiunyoosha unafika kama mita 65. Tulipima kwa simu: kipande kimoja kinakula dakika 20 mpaka kikae mahali pake. Hizo ni saa 153, na bado hatujatia kitambaa cha chini.

Sasa mtu anakuja na faranga 30,000 na anaona ametusaidia. Gawanya mwenyewe: haifiki faranga 200 kwa saa. Hata nauli ya moto haitoshi.

Tunapinga mambo mawili. La kwanza, kazi hii kuitwa "tiba" tu. Kushona kunatuliza akili, hatukatai. Lakini fundi wa magari naye anaweza kuipenda kazi yake, na hakuna anayemwambia furaha ndiyo mshahara. La pili, kuuza huzuni yetu. Wengine wanataka tuandike kwenye blanketi tulivyokimbia. Anayenunua kwa huruma ananunua mara moja, basi. Anayenunua kwa sababu mshono ni imara atarudi na dada yake.

Kuna wanaosema eti haya ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Kule Karnataka, India, kuna Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika, wengi mababu zao walipelekwa huko kama watumwa. Mama zao wanashona kwa mkono mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi, kutoka nguo kuukuu. Wanaanzia pembeni, wanazunguka mpaka katikati. Siku hizi kawandi zinatundikwa kwenye maonyesho ya sanaa. Hapa Kigali pia, Nyamirambo Women's Center ilianzishwa mwaka 2007 na wanawake 18, na vitu vyao vya kitenge wageni wanavifuata. Wanunuzi wapo.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila blanketi liwe na karatasi ndogo yenye idadi ya vipande na idadi ya saa, na jina la mshonaji akipenda mwenyewe. Shirika likitaka kutufundisha kushona, karibu sana, ila kabla ya kugawa vyeti lituambie nani atanunua, na saa moja italipwa ngapi. Vyeti tuko navyo vingi, vimekaa ndani ya mifuko.

Na sisi wenyewe, wavulana kwa wasichana, tuache kutaja bei kwa kuangalia viatu vya mteja. Andika saa zako kwenye daftari kila jioni. Mteja akikuuliza kwa nini ni ghali, mfungulie daftari asome.